Mstari Alionimalizia Kukhu

Nilianza kichekesho mbele ya bweni zima, nikapotelea katikati.

Kichekesho chenyewe kilikuwa cha mpishi wa shule na wadudu wa maharagwe. Nilikuwa nimekisimulia tangu kidato cha kwanza na hakikuwahi kunitupa. Jioni hiyo nilipanda juu ya sanduku langu la bati, nikajifunga taulo kiunoni liwe aproni, nikaiga sauti ya mwalimu wa zamu: "Mpishi, mbona maharagwe yana wadudu?" Kisha nikageukia upande wa pili ili niwe mpishi nijibu. Nikafungua mdomo. Mpishi hakuwepo. Nilimtafuta kila mahali kichwani, jikoni, stoo, nyuma ya tangi la maji. Bweni lilinyamaza likinisubiri mimi, na mimi nikamsubiri mpishi.

"Mwacheni," mmoja akasema kutoka kitanda cha juu, "mtandao umepotea."

Wakacheka sana. Nikashuka nikiwa bado na taulo. Ilikuwa mara ya kwanza watu kucheka hivyo nikiwa nimesimama pale juu na mcheshi akiwa mtu mwingine.

Naomba nieleweke. Shuleni kwetu wako wanaojua hesabu, wako wanaojua kuimba, wako wa kukimbia, halafu niko mimi. Sina kipaji kingine. Nikikosa mwisho wa kichekesho, mimi ni msichana tu aliyesimama juu ya sanduku.

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeugua. Hospitali waliuita unyogovu, neno ambalo ukilitamka polepole unaweza kusinzia kabla hujalimaliza. Mimi nauita huzuni, ingawa haikuwa huzuni ya msibani, yenye chai na mandazi. Nililala nikiutazama ukuta. Kuoga kukawa safari ya mbali. Mama alinipeleka kupimwa malaria mara tatu na malaria ikakataa. Kanisani wakaniwekea mikono kichwani mpaka nywele zikalala upande mmoja. Mwishowe tukaenda hospitali mjini Kakamega, nikapewa vidonge na mtu wa kuzungumza naye, na baada ya miezi kadhaa huzuni ikaondoka.

Ila iliondoka kama mgeni mbaya. Ilikwenda, lakini ilibeba vijiko.

Nilianza kuvikosa kimoja kimoja. Nilisoma mstari mmoja wa kitabu mara nne na kila mara ulikuwa mgeni. Mwalimu akisema tufungue ukurasa wa arobaini na mbili tufanye swali la tatu, la tano na la sita, nilifika ukurasa wa arobaini na mbili nikakaa huko, kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Siku moja nilimwomba jirani yangu "kile kitu cha kufutia," akanipa, halafu nikasahau nilitaka kufuta nini. Na sikuwa na huzuni, hilo ndilo lililowachanganya watu. Anayelia huhurumiwa. Anayecheka huku amepata alama nne kwa mia huitwa mvivu.

Siku chache baada ya kile kichekesho, katikati ya muhula wa pili, shule ilinirudisha nyumbani na barua. Ilisema kwa adabu kwamba nikaendelee na matibabu, na muhula wa tatu ukifunguliwa nilete maandishi ya daktari kuonyesha kichwa changu kinaweza kufuata masomo ya kidato cha tatu. Yasipopatikana, shule "inapendekeza" nirudi kidato cha pili.

Sasa, kidato cha pili ndiko aliko mdogo wangu.

Tena kile ndicho kidato cha mwisho cha mfumo wa zamani. Nyuma yake hakuna mtu; waliobaki ni wale wa mtaala mpya, na kwao sisi ni vitu vya makumbusho. Nikiteleza mara moja naangukia deski la mdogo wangu. Nikiteleza mara mbili hakuna darasa la kunidaka.

Nyumbani kwetu ni upande wa Butali, ndani ya miwa. Sisemi karibu na miwa. Mwaka huo miwa yetu ilikuwa imepitisha wakati wa kukatwa, kiwanda hakijaleta watu wala lori, nayo ikaendelea kurefuka, kulala na kuinuka tena, mpaka ikaziba nyumba pande tatu. Upande wa nne ulikuwa na choo. Ukisimama mlangoni uliyasikia matrekta barabarani na hukuyaona. Harufu ya molasi iliingia ndani bila kubisha, ikakaa kwenye viti.

Matibabu yalikuwa kwenye simu. Daktari aliyenipokea nitamwita Daktari wa Alhamisi, kwa kuwa ndiyo siku aliyokuwa akitokea kwenye skrini, paji la uso na nusu ya miwani. Alinieleza hivi: huzuni ikilala kitandani muda mrefu, akili hulala pamoja nayo. Huzuni ikiamka ikaenda zake, akili hubaki na miguu dhaifu, lazima ifundishwe tena kutembea. Kwa hiyo kulikuwa na programu ya mazoezi, dakika ishirini asubuhi na ishirini alasiri, siku sita kwa wiki, na Alhamisi saa nne tunaonana kwa video atazame nilivyofanya. Kila wiki pia alinipa kazi ya kufanya nje ya simu, akili isije ikajua kutembea kwenye skrini tu.

Simu ilikuwa ya mama ya zamani. Betri yake ilikuwa imekufa, haikuwaka ila imechomekwa kwenye umeme. Soketi iliyofanya kazi ilikuwa moja, sebuleni, chini ya kalenda ya kanisa, na waya wa chaja ulikuwa na urefu wa mkono wangu. Wanasema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Mimi nilikula kwa urefu wa chaja. Na pale kwenye soketi ndipo kilipokuwa kiti cha Kukhu.

Kukhu ni nyanya yangu, mama ya baba. Baba huendesha trekta Lugari na huja mwisho wa mwezi; mama huondoka alfajiri kwenda kuuza mitumba sokoni. Mchana nyumba ilikuwa yetu wawili. Kwetu nyanya na mjukuu hutaniana bila breki, kwa hiyo Kukhu huniita mke mwenza, akidai nilizaliwa ili nimnyang'anye mume. Mume mwenyewe alikufa kabla sijazaliwa. Nami humwambia alimficha alipojua ninakuja.

Kuna jambo moja lazima nilitaje hapa. Kwetu watu wakipalilia shamba, kila mmoja hupewa mstari wake. Anayemaliza kwanza hapumziki. Hugeuka, akaingia kwenye mstari wa aliyebaki nyuma kutokea mwisho wake, akaja akipalilia mpaka wakutane. Ndiko kumpokea mtu mstari. Kumwacha mwenzako peke yake katikati ya shamba huku wewe umekaa kivulini ni aibu itakayosimuliwa kwenye mazishi yako. Likizo ya Aprili, tulipopalilia mahindi, mimi nilikuwa nasimama na jembe mkononi nikijaribu kukumbuka lina kazi gani. Kukhu alinipokea kila mstari. Hakusema neno ila, "Mke mwenza, leo umeota mizizi."

Sasa turudi kwenye simu. Zoezi kubwa lilikuwa la picha na kobe. Picha zilipita moja moja, ufunguo, mwavuli, baiskeli, kisha zikatokea zote zimechanganywa, nawe uziguse kwa mpango zilivyopita. Ukipata, kobe mwenye kofia alipanda ngazi na sauti ya mwanamke ikakusifu kwa Kiingereza. Ukikosa mara mbili, kobe aliteremka. Aliteremka kwa makalio, taratibu, akikutazama. Nilimchukia kobe yule kuliko mwalimu yeyote, na nimefundishwa na wengi.

"Huyu mweupe mnene ni nani?" Kukhu aliuliza siku ya kwanza, shingo ameirefusha kutoka kwenye kiti chake.

"Ni mtu wa theluji, Kukhu. Wazungu huwatengeneza nje ya nyumba."

"Huyo ni mtu wa obusuma, ugali mtupu. Wakimaliza kumtengeneza wanamkulanga?"

Nilicheka, na nilipomaliza kucheka picha tano zilikuwa zimepita. Kobe akateremka.

Wiki nne nilikaa kati ya ngazi ya tatu na ya nne. Asubuhi nilikwenda kisimani, nikarudi, nikaketi chini ya kalenda na waya wangu, nikapanda, nikateremka. Alasiri vilevile. Kukhu alichambua kunde kando yangu na kila mara sauti ya kuteremka iliposikika alivuta pumzi puani, kama mtu anayetazama mtoto wa jirani akifundishwa baiskeli. Nje miwa ilisugua mabati. Wakati mwingine nilifikiri kwamba hata nikipona, sitaona njia ya kutokea.

Wiki ya tano kazi ya nje ya simu ilikuwa kwenda dukani kuleta vitu vitatu bila kuviandika: chumvi, kiberiti, sabuni. Nilikwenda njiani nikiviimba. Nilipolikaribia duka, bila kuitwa na mtu, mpishi akarudi. Nilisimama. Mwalimu wa zamu anauliza mbona maharagwe yana wadudu, na mpishi anajibu: "Hao ni wale wa bweni, mwalimu. Wa kutwa wamekwenda kwao."

Wiki saba zilikuwa zimepita tangu anipotee bwenini. Nilicheka peke yangu barabarani mpaka mwanamke mmoja akavuka upande wa pili. Nilimsimulia mwenye duka kuanzia mwanzo, na sauti zote mbili. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya mizani.

"Na huyo mpishi," akauliza, "alifutwa?"

Nilifika nyumbani na chumvi. Pakiti mbili. Mama aliziangalia, akaziweka rafuni bila kusema kitu, na kwa kuwa mama ni mtu wa kusema, nililisikia jambo lile kuliko kelele.

Wiki iliyofuata nilirudi kutoka kisimani, nikaketi kwenye waya wangu, nikamkuta kobe ngazi ya saba.

Nilikuwa nimemwacha ya nne. Au nilidhani nilimwacha ya nne. Hapo ndipo penye mtego, na nataka uuone vizuri kwa sababu mimi uliniumiza. Mtu mwenye kumbukumbu nzuri angesema simu imeharibika. Mtu aliyenunua chumvi mara mbili hana haki ya kubishana na simu.

"Kukhu, jana alasiri nilicheza vizuri?"

"Si ulikaa hapo siku nzima?" akasema, macho kwenye kunde.

Basi nikaamini nilicheza nikasahau. Simu ilidai zoezi la asubuhi limekwisha, nikaanza la alasiri. Ngazi ya saba picha zilikuwa nane na zilipita kama abiria wanaokimbia mvua. Niliteremka mpaka ya tano. Kesho yake kobe alikuwa ya nane. Ilikuwa kama kulala chini ya kilima na kuamka juu yake bila viatu, kila siku, na kila siku kuporomoka.

Nilianza kuogopa. Nilifikiri ndani yangu kuna mimi mwingine, mwerevu, anayeamka kabla yangu, akafanya kazi yote, akaondoka bila kunijulisha. Nilimwogopa, na pia nilimwonea wivu. Sikumwambia mama kwani angenirudisha kwenye vidonge. Sikumwambia daktari kwani Alhamisi hiyo alitokea kwenye skrini akiwa ametabasamu hadi kwenye ile nusu ya miwani.

"Umepanda sana," alisema. "Hasa asubuhi. Asubuhi unang'aa. Alasiri unaanguka, lakini uchovu ni kawaida."

"Mimi ni kama maziwa, Daktari. Alasiri naganda."

Alicheka. Nilikuwa nimesubiri mwaka mzima mtu mzima acheke hivyo.

"Alhamisi ijayo nikiona hivihivi," akasema, "nitaandika barua ya shule. Kidato cha tatu, pamoja na wenzako."

Jumatatu asubuhi nilikwenda kisimani kuchota maji. Nilifika, nikainama, nikagundua kwamba nimekuja mikono mitupu. Mtungi nilikuwa nimeuacha mlangoni. Kwa hiyo kusahau ndiko kulikonionyesha ukweli, jambo ambalo bado sijaamua kama ni la kuchekesha. Nilirudi mapema.

Kukhu alikuwa ameketi mahali pangu, kwenye waya. Miwani yake yenye uzi nyuma ilikuwa imeteremka puani. Alifuta kidole kwenye leso, akakiinua, akasubiri, midomo ikicheza.

"Mtu wa obusuma amepanda baiskeli," alikuwa akinong'ona. "Ameshika mwavuli, mvua isimharibu. Akafika mlangoni, ufunguo hana. Akamwuliza samaki. Samaki akasema uko chini ya kofia. Kofia imekaliwa na kuku..."

Kisha kidole kikashuka: tapu, tapu, tapu, bila kukosa hata moja. Kobe akapanda. Sauti ya yule mwanamke ikamsifu kwa Kiingereza, na Kukhu akaijibu, "Asante, mama."

"Kukhu, unafanya nini?"

Hakushtuka. Alivua miwani akaipangusa.

"Nakupokea mstari."

"Hiyo ni dawa yangu. Mtu hanywi dawa ya mwingine."

"Dawa gani inaimbanga? Hii ni kazi. Na wewe umekwama katikati tangu juzi za juzi, mgongo umeinama, huyu mdudu anakuteremkia kila siku. Mimi nikae hapa kivulini nikikutazama? Mama yako ataniona mtu wa namna gani?"

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku ya chumvi."

Niliketi sakafuni. Kwanza nilifurahi, kwa kuwa sikuwa na wazimu. Halafu furaha ikaisha. Yule mimi mwingine, yule mwerevu wa asubuhi, hakuwepo. Alikuwa ni mwanamke wa miaka sabini na miwani ya uzi. Nikamlilia yule mwerevu kidogo, kama mtu niliyemjua.

Hapa msomaji mwema angependa kusikia kwamba nilikimbia kuungama. Samahani. Mimi ni mtu niliyewahi kuwashawishi wasichana wa kidato cha kwanza kwamba kengele ya kuamka ina likizo. Nilipomaliza kulia nilisema, "Basi tusimwambie mpaka Alhamisi."

"Kwani nani humwambianga mwenye shamba ni nani alimaliza mstari?" Kukhu akasema. "Yeye anaangalianga tu kama magugu yameisha."

Tukakubaliana. Jumanne kobe akawa ngazi ya tisa. Alasiri, ili nisiharibu, sikucheza kabisa.

Jumatano mdogo wangu akafika likizo ya Agosti na sanduku lake. Yeye ni mtu wa kupiga mistari kwa rula hata kwenye barua ya mapenzi, kama ataandika siku moja. Alinywa chai, akanitazama, akasema, "Nimekuwekea nafasi nyuma yangu, karibu na dirisha. Usininakili tu."

"Kaa na dirisha lako. Mimi narudi kidato cha tatu. Barua inaandikwa kesho."

"Kweli?"

"Muulize Kukhu."

Ghafla Kukhu akawa na shughuli nyingi jikoni.

Mdogo wangu alifurahi, kitu ambacho sikukitarajia. Alikwenda kwenye sanduku akarudi na karatasi ya mtihani wa biolojia. "Basi nisaidie hili swali," akasema. Hakuwa na ubaya. Lilikuwa swali la mmea mmoja uliowekwa juani na mwingine kivulini. Nilisoma mstari wa kwanza. Nikasoma wa pili, na nilipofika mwisho wake wa kwanza ulikuwa umekwenda. Nikarudi kuuchukua, wa pili ukaondoka. Nikasoma tena. Ilikuwa kama kubeba maji kwa viganja kutoka kisimani. Nilijua kwamba anasubiri. Nilitafuta mzaha wowote, hata wa kitoto, na hakukuwa na kitu.

Hakunicheka. Kama angecheka ningejua la kufanya. Alichukua karatasi polepole, akasema, "Hata mimi lilinishinda."

Pembeni mwa swali nilikuwa nimeona tiki nyekundu ya mwalimu.

Hapo nikaiona barua ile inanipeleka wapi. Inanipeleka kidato cha tatu, mbele ya watu, juu ya sanduku la bati, na taulo kiunoni. Wananisubiri. Na Kukhu hawezi kugeuka kuja kunipokea huko, kwa sababu shamba lile hana njia ya kuliingia.

Alhamisi saa nne daktari akatokea. "Haya, bingwa," akasema. "Ngazi ya tisa."

"Daktari, kobe si wangu."

"Kobe gani?"

"Huyo wa ngazi ya tisa. Wangu ni wa ya nne. Pengine ya tatu."

Nilimweleza yote, mtungi na samaki na kofia. Sikuweka mzaha wowote, na ilinichosha kuliko mazoezi.

"Aliyecheza yuko hapo?" akauliza.

Niligeuza simu kadiri waya ulivyoruhusu. Waya uliishia kwenye kidevu cha Kukhu.

"Habari yako, daktari," kidevu kikasema. "Umekunywa chai?"

"Nimekunywa, mama. Ni wewe ulikuwa unafanya mazoezi ya mgonjwa wangu?"

"Sikuyamaliza yote. Nilimwachia ya mchana. Mtu anapokelewanga tu, habebwi."

Daktari alivua miwani. Nilidhani atafoka. Nilitamani afoke.

"Sikia," akaniambia. "Programu hii hukuwekea kilima kinachotosha miguu yako. Wiki hizi mbili imekuwekea kilima cha nyanya yako. Ndiyo maana ulikuwa unaanguka. Hukuwa unafanya mazoezi, ulikuwa unapigwa." Akairudisha miwani. "Na barua siwezi kuandika."

"Najua."

"Si adhabu. Nikiandika kwamba unaweza, watakupa kazi ya mtu anayeweza."

"Najua, Daktari. Jana nilipewa."

Hakuuliza nilipewa nini. Badala yake alimwomba Kukhu aeleze anavyozishika picha kumi kichwani. Kukhu akaanza na mtu wa obusuma na baiskeli yake, na daktari akaandika, nilimwona akiandika. Alipomaliza akasema, "Mfundishe hivyo. Kaa naye kila zoezi. Lakini mikono yako isiguse simu."

"Nikae nikitazama?"

"Ndiyo, mama."

"Na yeye anateremka?"

"Na yeye anateremka."

Kukhu alifikiri. "Hiyo ni kazi ngumu kuliko kupalilia," akasema.

Kobe akarudishwa ngazi ya nne siku hiyohiyo. Daktari aliandika barua nyingine, ya kweli, kwamba ninapona, kwamba nipewe muda zaidi kwenye mitihani, na kompyuta ya maktaba dakika ishirini kila alasiri niendelee na programu. Shule ikajibu kwamba sawa, na kwamba kidato cha pili kinanisubiri. Mama aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaniuliza kama soksi zangu bado ziko nzima. Mdogo wangu akataka kujua kama darasani nitamwita dada. Nikamwambia nitamwita mheshimiwa, na kwamba nikikaa nyuma yake nitakuwa naona kila kitu anachofanya na nywele zake.

Usifikiri niliyapokea vizuri. Siku mbili sikula mezani. Nilikwenda kukaa nyuma ya choo, mahali pekee ambapo miwa haikufika, nikahesabu marafiki zangu wa kidato cha tatu mmoja mmoja, na wawili majina yao hayakuja.

Lakini mazoezi nilifanya. Kukhu alikaa kando na mikono ameikalia, kwa amri ya serikali, alivyosema. Nilipokaribia kukosa alivuta pumzi puani, nikamwambia kupumua pia ni kusaidia. Akaanza kushikilia pumzi. Ikabidi nicheze haraka, asije akanifia nikashtakiwa. Hadithi zake sikuziweza zote. Samaki wake walikuwa na ukoo mrefu mno. Nikatunga zangu. Katika moja, mpishi wa shule anampika mtu wa theluji na wadudu wa kutwa wanakuja kwenye mazishi. Picha sita. Nilizigusa zote, na kwa mshangao nikagusa zingine sita.

Jana alasiri, Jumamosi, niliketi kwenye waya wangu kwa mara ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Sanduku lilikuwa mlangoni. Miwa ilikuwa bado imesimama pande tatu, hakuna lori lililokuja. Nilipanda, nikateremka, nikapanda. Nilipozima simu nilimwambia Kukhu kwa sauti, ili tuwe mashahidi wawili: "Ngazi ya tano."

"Nimesikia," akasema, na akaitoa mikono yake ikiwa imekufa ganzi.

Leo asubuhi kabla ya kanisa, kabla ya mtu yeyote kuamka, nilichomeka simu kuangalia. Kobe alikuwa ngazi ya tano, na kofia yake, palepale nilipomwacha.